Mkoromo wa Shabani

Sufi haina harufu, husema watu ambao hawajawahi kulala nayo chumba kimoja. Mimi nililala nayo tangu kuzaliwa hadi miaka tisa, na hadi leo nikikutana na mto wa kizamani uliofumuka mshono, pua yangu huutambua kabla ya macho. Ni harufu ya vumbi lililoanikwa juani, yenye mafuta kidogo ya zile mbegu nyeusi zinazobaki ndani hata uchambue vipi, na chini yake harufu ya gunia. Inaingia puani na kukaa. Wenzangu wakinusa vitu vya utoto wao hutabasamu, wakakumbuka maandazi ya bibi zao. Mimi hukunja ngumi. Nakaribia miaka themanini, nimehiji, nimefundishwa tangu chuoni, kwenye Kurani, kwamba hasira ni hasara, na nakubali kuwa ni hasara, lakini hii ya sufi nimeitunza miaka yote na sina nia ya kuiacha leo.

Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, miaka michache kabla ya uhuru, wakati mitaa ile ilikuwa mchanga mtupu na mbuzi walilala katikati ya njia bila wasiwasi. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani nyuma, na kila chumba kilikuwa na familia yake. Sisi tulikuwa na chumba cha pili kulia. Baba alikuwa fundi magodoro. Alitoka kwao Lindi akiwa kijana, akajifunza kushona magodoro na mito kwa fundi mmoja pale Mchafukoge, kisha akajitegemea, na godoro lake lilijulikana sokoni kwa mishono iliyonyooka kama mistari ya daftari. Hilo simnyimi. Lakini hakuwa na ghala. Ghala lilikuwa chumba chetu. Kitanda cha kamba cha Baba na Mama kilikuwa upande wa dirisha, mkeka wangu na Bibi, mama yake Baba, upande wa mlango, na ukuta mzima uliobaki ulikuwa magunia ya sufi yaliyopangwa hadi darini. Msimu ulipofika, kaskazi ikianza kuvuma, wanawake wa nyumba nzima walikusanyika uani kuichambua. Waliipiga kwa fimbo, mbegu zikaanguka, nyuzi zikaruka, na uani kote kukawa na ukungu mweupe. Kabla ya kushika fimbo, kila mmoja alijifunga kanga puani na mdomoni. Naomba msomaji alishike hilo. Watu wazima walijifunga pua, na walipomaliza waliirudisha sufi ile chumbani, karibu na kichwa cha mtoto mchanga.

Mtoto huyo alikuwa Shabani. Kati yangu na yeye Mama alikuwa amezika wawili, mmoja wa siku nne na mwingine aliyekuwa ameshaanza kukaa, kwa hiyo Shabani alipozaliwa watu walimpongeza Mama kwa kunong'ona, wakiogopa kumshtua malaika wa kifo. Alipotimiza arobaini ndipo Baba alipocheka. Akamshonea mto wa sufi, mnene, wa kitambaa cha maua, akamlaza juu yake kwa mikono yake mwenyewe, na shingo ya mtoto ikapinda hadi kidevu kikagusa kifua. Kila mgeni alionyeshwa mto ule. Haukupita muda Shabani akaanza kukoroma. Sisemi kule kuguna kwa watoto wachanga ambako kila mzazi anakujua. Alikoroma kama mzee aliyeshiba, mchana kweupe, hadi mpangaji wa chumba cha mbele akirudi kazini alikuwa akituuliza mlangoni kama mzee wa humu ameshaamka. Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha adhuhuri moja mkoromo ulikatika katikati. Kifua cha mtoto kilibonyea chini ya mbavu, midomo ikabadilika rangi, halafu akashtuka na kuvuta pumzi kwa mlio wa bawaba kavu. Mama alikuwa akikuna nazi. Kifuu kilimtoka mkononi kikabingirika hadi ukumbini. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena, na Mama akawa anakaa ameinamisha sikio juu ya mwanawe kutwa.

Hapo ndipo dawa zilipoanza. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mama mwenyewe alinyonya pua za mtoto kwa mdomo wake, akatema uani, na akamdondoshea maziwa yake puani ili makamasi yalainike. Hiyo ilisaidia, na sikatai, maana siku hizi wauguzi wanatoa kipira kidogo cha kufanya kazi ile ile. Bibi alimpaka mafuta ya nazi ya uvuguvugu kifuani na kwenye nyayo. Mwanamke wa chumba cha nyuma akaleta kitunguu maji kilichopasuliwa, kikawekwa chini ya kitanda. Mwalimu wa chuoni kwetu akaandika kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, Mama akazisuuza kwa maji akamnywesha Shabani matone mawili na mengine akanywa mwenyewe. Mwenye nyumba, Bi Kibibi, mjane mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, alisema mtoto ana baridi ya mapafu na akaamuru afukizwe ubani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, saa nzima. Nilikuwemo humo ndani. Moshi ulining'inia juu ya magunia, ukachanganyika na vumbi la sufi, na Shabani akakoroma mpaka akachoka hata kulia. Bi Kibibi alipofungua mlango na kumkuta amelegea, alisema dawa imeanza kumwingia.

Dawa zilipokosa kufaa, lawama zikachukua nafasi yake, na lawama za mtaa wetu zilijua pa kwenda. Bi Kibibi hakumwambia Mama usoni. Aliwaambia wanawake kisimani, mimi nikiwa nimesimama pale na ndoo yangu, kwamba mtoto amebemendwa: kwamba Baba na Mama hawakuvumilia mpaka mtoto aache kunyonya, wakarudiana mapema, na maziwa yakaharibika. Nilikuwa na miaka tisa na sikuelewa vizuri kilichosemwa, lakini nilielewa jinsi Mama alivyoacha kwenda kisimani. Alinituma mimi. Alikuwa mwanamke mpole, mtoto wa Kizaramo wa pale pale mjini, wa kuitikia na kuinamisha macho, na alilibeba neno lile kama lilivyo. Baba, ambaye ndoa ilikuwa yake na lawama pia ilikuwa yake, hakutukanwa na mtu. Aliendelea kwenda sokoni na kusalimiwa.

Mchana kazi yangu ilikuwa kumbeba Shabani. Mama alinifunga naye mgongoni kwa kanga, nami nikatembea. Nilikwenda hadi sokoni, nikapita kwenye harufu ya dagaa na matenga ya machungwa, nikavuka hadi uwanja wa Mnazi Mmoja ambako upepo ulipita wazi. Na kule, jamani, Shabani alilala kimya. Alilala kinywa kimefungwa, pumzi yake ikinigusa shingoni, nyepesi, mpaka mara ya kwanza niliogopa nikasimama kumtikisa. Akaamka, akanitazama kwa kero, akalala tena. Nikirudi naye nyumbani, nikimlaza chumbani kwenye mto wake wa maua, mkoromo ulianza kabla sijamaliza kukunja kanga. Nilijaribu tena kesho yake, na siku ya tatu nikajaribu tena. Sikuwa mtoto mwenye akili za ajabu. Mtu yeyote aliyembeba mtoto yule nje na kumrudisha ndani angeona, ila hakuna mwingine aliyembeba nje.

Nilimwambia Baba. Nilingoja ameshakula, ameshanawa, niliongea kwa adabu zote nilizofundishwa, nikasema nadhani Shabani haipendi sufi. Baba aliniuliza nguo niliyovaa imetoka wapi. Nikasema imetoka kwake. Akauliza yeye ameitoa wapi. Kisha akasema, "Wewe unakula sufi, Tatu. Unavaa sufi. Usiitukane." Bibi akadakia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa kuwa nilifungua mdomo kujibu, akanipiga kofi. Methali ile nimeichukia tangu siku ile. Imewafaa wakuu kupita kiasi. Wenyewe wana nyingine, kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kimepangwa ukutani hadi darini, lakini hiyo hawakuikumbuka.

Aliyesema neno kimeo kwanza alikuwa Bi Kibibi, na Bibi akalipokea kama maji ya kunywa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Mtoto akikohoa sana, akitapika, akikoroma, wazee wetu walisema kimeo chake kimerefuka kinamziba koo, na dawa yake ni kukikata. Kulikuwa na fundi wa kazi hiyo aliyepita Kariakoo kila Ijumaa asubuhi, mtu nadhifu wa kanzu na kofia, mwenye sinia dogo lililofunikwa kitambaa. Mama aliomba wangoje. Alisema mtoto ni mdogo. Bibi akamuuliza kama anataka kuzika wa tatu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Bibi alijua hasa pa kubonyeza.

Walimlaza Shabani uani, kwenye mkeka, kichwa mapajani mwa Bibi. Mama aliambiwa akae chumbani kwa sababu machozi ya mama yanazuia damu isikatike. Fundi akafunua sinia: kijiti chenye panda cha kukandamiza ulimi, kisu chembamba kilichopinda ncha, na unga mweusi kwenye kikopo. Alitazama huku na huku, akasema anahitaji mtu wa kushika miguu. Bibi akaniita. Nilikuja. Ningeweza kukimbia, mlango wa uani ulikuwa wazi na nilijua kila kichochoro hadi Jangwani. Nilikuja nikapiga magoti, nikaishika miguu ya ndugu yangu chini kidogo ya magoti, kila mmoja na mkono wake, na ilikuwa na joto. Sitaeleza mengine. Nilisikia mlio mmoja halafu mlio mwingine uliojaa maji. Miguu ilinivuta kwa nguvu nisiyoitarajia kwa kitu kidogo vile, nami nikabana zaidi, kwa sababu niliambiwa nibane. Fundi akaweka kipande kidogo cha nyama juu ya jani la mgomba, akakiinua wote waone, akasema, "Haya, mkoromaji wenu huyu hapa." Wanawake wakashukuru. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Shabani hakuwa amelilia wembe. Alikuwa amelilia hewa.

Mwiko wa kukatwa kimeo ulikuwa mtoto akae siku saba mbali na macho ya wapita njia, kwa hiyo Mama alimpeleka kwa shangazi yangu, dada yake Baba, aliyekaa mtaa wa Gerezani, na mimi nikaenda naye. Shangazi alikuwa na chumba kitupu chenye kitanda na ndoo, sakafu ya saruji, dirisha linalotazama upande wa reli. Siku mbili za kwanza tuliogopa damu. Tangu siku ya tatu Shabani akalala kimya. Alilala kama alivyolala Mnazi Mmoja. Shangazi akatuma habari, na Kariakoo nzima ikajua kwamba kisu kimemponya. Bi Kibibi alikuja mwenyewe kusikiliza, akaweka sikio kifuani mwa mtoto, akatikisa kichwa kwa kujipongeza. Wanawake watatu wa mtaa wetu walipeleka watoto wao kwa fundi yule wiki ile ile. Nami nilikaa pembeni nikiutazama ule ukuta mtupu wa Shangazi, nikajua, na nikanyamaza, kwa kuwa shavu langu lilikuwa bado linalikumbuka kofi. Jambo moja tu lilimtia Mama wasiwasi. Shabani akinyonya, maziwa yalimtokea puani.

Siku ya nane tulirudi nyumbani. Siku ya tisa akakoroma. Siku ya kumi mkoromo ulikuwa ule wa zamani, na pumzi ikakatika mara mbili kabla ya alasiri. Mtu mwenye akili timamu angesema kisu hakikusaidia kitu. Bibi alisema kimeo kimeota tena. Wote wakakubali. Ilikuwa inajulikana, walisema, kwamba kimeo kisipokatwa hadi shinani huchipua, na safari hii fundi akate zaidi. Ijumaa ilikuwa inafuata. Nilikwenda kwa Mama alipokuwa akifua, nikachuchumaa kando ya beseni, nikamwambia yote: Mnazi Mmoja, mto wa maua, ukuta wa Shangazi. Nilimwambia haraka haraka nikiwa nimejikinga shavu. Mama hakunipiga. Alifuta mikono, akaingia chumbani, akamchukua Shabani akikoroma vile vile, akatoka naye, akakaa naye kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa. Mkoromo ukapungua, ukaisha. Akamrudisha ndani, ukaanza. Akamtoa tena. Alifanya hivyo mara tatu, siku ya Jumatano na siku ya Alhamisi, bila kumwambia mtu, na nilimwona akiyatazama yale magunia kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona kwake.

Ijumaa asubuhi fundi alifika, akakaribishwa uani, akaweka sinia lake mkekani. Mama alikuwa amenifunga Shabani mgongoni tangu alfajiri na kuniambia nikae barazani mbele, nisiingie ndani hata nikiitwa na nani. Kwa hiyo yaliyotokea uani niliyasikia tu, yakipitia ukumbini. Nilimsikia Bibi akisema, "Mama Tatu, mlete mtoto, mwenzio ana watu wanamngoja." Nilimsikia Mama akisema, "Mtoto hakatwi tena, Mama." Fundi akacheka kwa upole, akaanza kueleza tabia ya vimeo. Kisha nikasikia sinia likilia, Bibi akipaza sauti, na Mama akatokea kwenye ukumbi akiburuta gunia la kwanza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kisu chembamba kilichopinda ncha. Alinipita bila kunitazama. Alilifikisha gunia katikati ya mtaa, akalipasua kutoka juu hadi chini. Akarudi akaleta la pili. Kaskazi ilikuwa inavuma. Sufi iliinuka, ikavuka mabati, ikaingia kwenye vikapu vya wauza mboga waliokuwa wanakwenda sokoni, ikawashika wanaume ndevu. Alipasua magunia tisa. La kumi lilikuwa ule mto wa maua.

Baba aliitwa sokoni akaja mbio, na nusu ya soko ikaja nyuma yake. Alisimama katikati ya kazi yake ya msimu mzima iliyokuwa inapeperuka kuelekea Jangwani. Hakumpiga. Nadhani alimwogopa. Mama alikuwa mweupe kichwa kizima, nyusi hadi kope, na kile kisu kilikuwa mkononi, butu kabisa.

"Baba Tatu, nyamaza kidogo," alisema. "Nyamazeni wote. Mwanangu amelala mgongoni kwa dada yake. Nani anasikia mkoromo?"

Mtaa ulinyamaza. Nilihisi pumzi ya Shabani shingoni, nyepesi, ikienda na kurudi. Watu wale wote, wachuuzi, wapangaji, mafundi, Bibi, Bi Kibibi, walisikiliza, na hakukuwa na cha kusikia. Nilifikiri sasa wameelewa. Nilikuwa na miaka tisa, nilifikiri ukionyesha watu jambo wataliona. Bi Kibibi akavunja kimya kwa kusema, kwa huruma kabisa, kwamba maskini Mama Tatu ana pepo.

Hilo ndilo lililoaminika. Hadi leo linanichemsha damu. Ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba mwanamke ameingiwa na pepo kuliko kuamini kwamba vumbi linaziba pua ya mtoto. Walimchezea ngoma, wakamvisha nguo nyekundu, na aliyeongoza ngoma akatangaza kwamba pepo huyo ni mkali na hapendi sufi, akiiona tena ndani ataua. Baba, ambaye hakumsikiliza binti yake wala mkewe, alimsikiliza pepo. Alipata kibanda upande wa pili wa soko akahamishia kazi huko, na kila alipoonekana anakaribia kurudisha gunia nyumbani, Mama alikodoa macho kidogo, basi, gunia likarudi lilikotoka. Hakuwahi kuniambia kama kweli alikuwa na pepo. Shabani hakukoroma tena. Na Bibi, mpaka tulipomzika, aliwaambia wageni kwamba mjukuu wake aliponywa na kukatwa kimeo.

Aliponywa. Shabani alikua akiongea puani. Maneno yake yalitoka yamefunikwa, yanatokea njia isiyo yake, na akinywa uji haraka ulimrudi puani mbele za watoto wenzake, nao walikuwa watoto wa Kariakoo, wenye ulimi. Chuoni alikuwa wa kwanza kuhifadhi juzuu, lakini siku ya kusoma mbele ya watu walimwiga, na mwalimu akacheka pia. Hakusoma tena kwa sauti. Alijifunza ufundi saa, kazi ya kuinama na kunyamaza, akaifanya miaka arobaini kwenye kijimeza chake bila kuzungumza zaidi ya ilivyolazimu. Posa yake niliipeleka mimi. Kwenye arusi za wanawe nilisema mimi. Miaka yote hiyo hakuniuliza ni nani aliyemshika miguu, nami sikumwambia.

Mwaka huu mjukuu wake, Rehema, ambaye anakaa na mumewe kwenye ghorofa pale Mchafukoge, alipata mtoto wa kiume, na mtoto akaanza kukoroma. Nilialikwa nikakuta ukoo mzima sebuleni, simu mikononi. Kwenye kundi lao la simu, mtu aliwatumia namba ya mtaalamu wa vimeo, na wengine wakamsifia: amemkata mtoto wa fulani, wa fulani amepona. Mama mkwe wa Rehema alikuwa ameshapanga siku. Nilisimama nikapiga kelele. Niliwatukana, naomba radhi, niliwatukana vibaya, na kadiri nilivyopandisha ndivyo walivyonitazama kwa upole, wakisema Bibi presha, Bibi kaa, Bibi kunywa maji. Niliujua upole ule. Ni upole Mama aliopewa mtaani.

Shabani alikuwa kwenye kochi la pembeni, kama kawaida yake. Aliinuka. Sikumbuki kumwona akiinuka mbele ya watu tangu chuoni. Akasema, kwa sauti ile, polepole, neno baada ya neno likitokea puani, "Mimi nilikatwa. Nilikuwa mdogo kama huyu. Mnanisikia ninavyoongea? Kama mnataka aje aongee hivi, mpelekeni." Mtoto mmoja mdogo alianza kucheka, mama yake akamziba mdomo. Mama mkwe aliweka simu yake mezani kifudifudi. Shabani akakaa, akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Dada, wamenisikia?" Nikamwambia wamekusikia.

Kesho yake tulimpeleka mtoto hospitali, Rehema, Shabani na mimi. Daktari alikuwa binti mdogo, pengine rika la Rehema. Alimchukua mtoto, akamtazama pua, akamgeuza, akasikiliza kifua, na kabla ya kutaja dawa yoyote akamuuliza Rehema, "Huwa analala wapi? Chumbani kuna nini?" Rehema akaanza kuhesabu: zulia jipya, udi wa kila jioni, marobota ya mablanketi ya duka la mumewe nyuma ya mlango. Daktari akaandika. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, kwa kuwa swali hilo lilikuwa la sekunde mbili, lilikuwa la bure, na Kariakoo nzima, pamoja na wakuu wake na methali zao, hakuna aliyeliuliza. Shabani alitoka akakaa pembeni yangu. Nilikuwa nimekunja ngumi mapajani. Aliishika mikono yangu yote miwili, akaibana, nami nikamwambia hiyo ndiyo mikono iliyomshika miguu siku ile.

Hakuiachia.